Uyoga wa Shamba Lililolala

Kila jioni, aliporudi kutoka shambani, Mama Mianda aligonga mpini wa jembe lake juu ya jiwe la mlangoni mpaka chuma kikachomoka. Mpini aliuacha nje, umeegemea ukuta, unyeshewe na mvua, mbuzi wajikune nao. Chuma alikifuta kwa ncha ya kitenge, akakiingiza ndani, akakilaza chini ya mto wake. Asubuhi alikipachika tena, akagonga, akaenda zake. Wajukuu walimcheka, na majirani walichoka kuuliza. Alifanya hivyo tangu aliporudi kutoka Kasai mpaka wiki aliyokufa, na Falonne Kabemba, aliyemjua tangu utotoni, hakuwahi kuliona jembe lile likilala likiwa zima.

Falonne aliijua sababu, maana alikuwapo. Mwaka 1993 alikuwa msichana wa miaka kumi na miwili katika kambi ya wafanyakazi wa mgodi, Kolwezi. Baba yake alikuwa karani, mtu wa Katanga ya kaskazini. Upande wa pili wa ukuta alikaa Tshilombo, fundi wa mashine, na mkewe Mianda. Nyumba mbili, ukuta mmoja. Mtu akikohoa huku, kule walimpa pole. Kisha likaanza neno kwamba Wakasai, watu wenye asili ya mkoa wa Kasai, warudi kwao. Vijana walipita barabarani wakiimba na kuwaita bilulu, yaani wadudu. Mianda hakuelewa arudi wapi. Alizaliwa hospitali ya hapohapo Kolwezi, na Kasai aliijua kwa kusimuliwa na babake, aliyeletwa na wazungu kuchimba shaba akiwa bado hajaota ndevu.

Walipofukuzwa, Mianda na mumewe walilala nje, kituo cha treni, majuma na majuma, wakingoja treni isiyokuja. Vijana walipekua mizigo. Majembe waliyachukua yote, wakisema udongo wa huku umekwisha kuwakataa. Mianda alipowaona wakija, aligonga jembe lake kwenye reli, akatupa mpini, na chuma akakifunga tumboni chini ya kitenge. Mama yake Falonne alipowapelekea wawili hao bukari na sombe, yaani ugali na kisamvu, siku ile, Mianda aliushika mkono wa yule msichana akauweka juu ya kile kitu kigumu.

"Unasikia? Mutoto ya chuma," alisema. "Hii habatainyanganya."

Tshilombo alikufa njiani, ndani ya behewa la mizigo, kwa kuhara. Kule Kasai watu walimcheka Mianda kwa Chiluba chake cha kubabaisha, lugha ya huko; wakamwita Mkatanga. Alilima mashamba ya shemeji zake kwa miaka kadhaa akiwa mgeni kwenye nchi ya babu zake. Mambo yalipotulia alipanda treni kwa njia ileile, na chuma tumboni, akarudi Kolwezi. Hakuna aliyemwita.

Alikuta mji umepooza. Mgodi mkubwa ulikuwa umeanguka, mishahara haikutoka, na nyumba yake ya kambini ilikuwa na watu wengine, na mapazia mengine. Hakugombana nao. Alipanga chumba, kisha akatoka kwa miguu hadi upande wa Mutoshi, kwa chifu mzee wa kijiji, akamwomba mahali pa kulima. Mzee yule alimuuliza kama ana jembe. Mianda akakifungua kitenge. Mzee akacheka mpaka akakohoa, akamwonyesha mpaka wa shamba kuanzia kichuguu hiki hadi mti ule.

Hivyo ndivyo watu wa huko walivyopata ardhi. Hakukuwa na karatasi. Kulikuwa na mulambo, yaani zawadi ya mavuno ambayo kila mkulima alimpelekea chifu mwaka hadi mwaka, na aliyepeleka mulambo alikuwa na shamba, watu wote wakijua. Mianda aliligawa lake sehemu mbili. Moja alilima mihogo na mahindi. Nyingine aliiacha ilale miaka minne au mitano, majani yakue, udongo urudishe nguvu. Kisha alibadilisha. Lile lililolala halikuwa pori hata kidogo. Mvua za kwanza zilipopiga, uyoga ulichipuka kwenye vichuguu vyake, mweupe, mnene, na hakuna aliyeuchuma bila ruhusa yake. Kwa hiyo kila mwaka Mianda alipeleka kwa chifu vitunga viwili: kimoja cha mihogo mikavu kutoka shamba lililo macho, kingine cha uyoga kutoka shamba lililolala.

Chifu mzee akafa, mwanawe Banza akakalia kiti. Shaba ikapanda bei, na baada ya shaba kobalti. Kule mtaa wa Kasulo watu walichimba mashimo hadi chini ya vitanda vyao. Halafu, kiangazi kimoja, kampuni mpya ya madini ikaleta ramani, na mashamba yote ya upande ule yakaonekana ndani ya mstari mwekundu, mahali patakapochimbwa.

Tume ya serikali ya fidia ilikuja na kipaza sauti. Ilisema kila mkulima atafidiwa kwa mimea itakayokutwa imesimama shambani siku ya kuhesabu. Ardhi yenyewe, ilisema, ni mali ya serikali.

Jirani wa Mianda shambani alikuwa Stany, mwanamume mwepesi wa maneno, mvivu kidogo, mwenye moyo mzuri. Siku ya pili tu alileta kundi la wachimbaji kutoka Kasulo, vijana waliozoea kushika nyundo na tindo, akawapa mafungu ya miti ya mihogo wajaze kila mahali palipo wazi. Wengine wakamwiga. Juma lile lote, katikati ya kiangazi, ardhi ikiwa ngumu kama tofali, watu walichoma vijiti ardhini.

Mianda alisimama mpakani akiwatazama, mikono kiunoni.

"Stany! Ile miti yako bameipanda kichwa chini."

"Mama Mianda, bale ba tume habajue kichwa na matako ya muhogo! Weye panda. Utafukuzwa mukono mutupu."

"Shamba yangu inalala. Siwezi kuiamusha juu ya uongo."

"Aa, nilisahau," Stany akawageukia wenzake. "Mama huyu haogope kufukuzwa. Alishaka zoea!"

Wakacheka. Mianda naye akacheka, kwa sauti kubwa kuliko wao.

"Nilishazoea, ndiyo. Weye njo utaona mambo mapya. Ukifika ku kituo ya treni, kuja nikufundishe kulala juu ya mawe."

Tume iliporudi ilikuta maelfu ya vijiti vilivyokauka, vimesimama safu kwa safu bila jani hata moja. Msemaji wao alichomoa kimoja, akakigeuza, akawaonyesha watu. Uamuzi ulitangazwa jioni: kwa sababu ya udanganyifu huo, ni yale tu yaliyoonekana kwenye picha za angani zilizopigwa kabla ya tangazo ndiyo yatakayohesabiwa. Penye majani patahesabiwa kuwa pori tupu, na pori halina mwenyewe.

Hivyo nusu ya shamba la Mianda ikafutika.

Asubuhi iliyofuata alikuwa kwenye benchi la ofisi ya Falonne. Falonne alikuwa amesoma sheria Lubumbashi, na sasa alifanya kazi katika ofisi ndogo ya msaada nyuma ya parokia, yenye feni isiyozunguka na dirisha lililofunguka upande wa jiko la masista. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na moja, asiyepiga kelele, na miaka ya kuwaeleza watu kwa nini hawatapata walichostahili ilikuwa imemwachia tabia ya kutazama dirishani kabla ya kujibu.

"Niambie ile sheria," Mianda alisema. "Mi nataka kuisikia yenyewe."

Falonne akamweleza polepole. Sheria ya ardhi ya mwaka 1973 ilisema ardhi yote ni ya serikali. Lakini waliotunga hawakuwasahau watu wanaolima kwa mila. Waliandika kwamba haki zao zitapangwa na amri ya rais itakayotolewa baadaye.

"Na sheria ya kilimo?"

"Ile ya 2011 inazitambua haki za mila, Mama. Kisha inasema tufuate sheria ya ardhi."

"Na sheria ya ardhi inasema tungojee amri."

"Ndiyo."

"Ile amri ilitoka siku gani?"

Falonne akatazama dirishani. Sista mmoja alikuwa akichambua maharage.

"Haijatoka, Mama."

"Tangu lini?"

"Tangu kabla sijazaliwa."

Mabega ya Mama Mianda yakaanza kutikisika. Falonne alidhani analia. Alikuwa akicheka, alicheka mpaka akajifuta machozi kwa kiganja.

"Mutoto yangu! Batu habakuwe na aibu? Mi nilingojea treni mwezi muzima nikafikiri nimengojea!" Kisha uso wake ukabadilika. "Sikia. Habatanifukuza mara ya pili. Ile ya kwanza walisema mi ni mugeni. Leo wanasema shamba yangu ni pori. Kesho watasema nini? Mi sitoke."

"Kama si karatasi, basi ni mila," Falonne alisema. "Lazima mila yenyewe iseme kwamba kulala ni kulima. Isemwe mbele ya watu, na chifu akubali. Mwaka jana ulimpelekea nini Banza?"

"Bitunga mbili. Kila mwaka ni bitunga mbili."

Falonne akaacha kutazama dirishani.

Akaandika kuiomba tume ije kwenye shamba lenyewe, na chifu awepo. Kabla ya siku hiyo Mianda alikwenda na panga kufyeka shamba lililolala. Hakulichoma, maana moto ungekula kile udongo ulichokuwa ukikusanya. Alifyeka kwa mkono, akiinama na kuinuka, pumzi ikimkata. Siku ya pili alisikia panga jingine upande wa pili wa majani. Alikuwa Stany.

"Unafanya nini mu shamba yangu?"

"Mi nilipanda kuni," Stany akajibu bila kumtazama. "Weye unavuna majani. Tuko bazimu wawili, tusaidiane."

Majani yalipolala chini, matuta ya zamani yakajitokeza, ya mviringo, yamechakaa, yakifuatana kutoka kichuguu hadi mtini. Miaka ya mvua haikuyafuta.

Siku ya kikao jua lilikuwa kali. Tume ilikuja na Omer, mtaalamu wa kilimo wa serikali, mwanamume mnene mwenye kofia ya majani. Banza alikaa kwenye kiti cha plastiki, nyuma yake mkewe Henriette na watu wa kijiji. Mianda alivaa blauzi yake ya kanisani, ya buluu, yenye mikono iliyovimba.

Omer alitembea juu ya matuta hadi mwisho na kurudi. Alivua kofia.

"Naona, Mama. Mi pia nilisomeshwa na mihogo ya mama yangu. Hii ni shamba. Lakini mu karatasi tuliyopewa kuna mahali pa mihogo, mahindi, miti ya matunda. Mahali pa kuandika shamba inayolala, hakuna."

"Basi tumuulize chifu," Falonne akasema. "Shamba hili ni la nani?"

Banza alijikuna shingoni. Watu wote walijua kwamba kampuni ilikuwa imemwahidi mambo.

"Baba yangu alimuazima tu," alisema. "Huyu mama ni mutu ya Kasai. Mugeni anaazimaka kintu, siku moja anarudisha, anaenda kwao."

Minong'ono ikapita kama upepo katika mahindi. Falonne alilikumbuka neno lile, kwa sauti ileile, kutoka mwaka 1993. Alikumbuka pia kwamba nyumba ya babake haikuguswa. Lakini Mianda alikuwa amekwisha kusogea mbele.

"Kwetu? Nionyeshe kwetu na kidole, Banza. Bwana yangu niliacha chini ya reli, sijue hata ni kituo gani. Tumbo iliyonizaa ilizikwa hapa Kolwezi. Weye mwenyewe, mbele meno ya utoto yatoke, ulikula mihogo ya hii shamba. Nani alikupondea?"

"Mama, heshima," mtu mmoja akaonya.

"Heshima niko nayo, nimevaa blauzi." Watu wakacheka. "Chifu, nakuuliza na heshima. Mwaka iliyopita nilikuletea bitunga ngapi?"

Banza akajikuna tena shingoni.

"Mbili," sauti ikasema nyuma yake. Alikuwa Henriette, mkewe, mtoto mgongoni. "Ya mihogo na ya uyoga."

"Henriette!" Banza akageuka.

"Nini? Uyoga ulikula weye, ukaramba na sahani." Sasa hata Omer alikuwa akicheka ndani ya kofia yake. Henriette hakucheka. "Mu pori kila mutu anachuma uyoga, hakuna wa kumuomba. Hapa mi mwenyewe, bibi ya chifu, naombaka ruhusa kwa Mama Mianda. Kila mwaka. Naye mwaka moja alininyima!"

"Ulikuja na kitunga kubwa sana," Mianda akasema.

Mzee mmoja wa kijiji akanyanyua mkono. Aliuliza, kwa upole uliotisha kuliko kelele, kama mulambo si ushahidi wa shamba, basi wao wote walikuwa wakimpelekea chifu nini miaka hii yote, na kwa nini waendelee kupeleka.

Hapo Banza aliona shimo lilipokuwa. Alitazama watu wake, akatazama gari la kampuni lililokuwa likingoja barabarani, akarudisha macho kwa watu. Alivuta pumzi.

"Nilipokea bitunga mbili," alisema. "Shamba ni yake. Yenye iko macho na yenye inalala."

Tume iliomba Mianda aweke kidole kwenye karatasi ya fidia kwa ile nusu yenye mihogo, na hiyo nyingine itafikiriwa baadaye. Mianda akaficha mikono kwapani.

"Hapana. Munilipe nusu ya mwili, nusu nyingine mufikirie? Muandike yote. Hakuna mahali pa kuandika? Basi musiandike kitu."

Falonne alimwonya palepale, kwa sauti ya chini, kwamba huenda akakosa yote. Mianda akamjibu kwa sauti ya juu, ili kila mtu asikie, kwamba kukosa anakujua, walishalala kitanda kimoja. Omer, asiyekuwa na mahali pa kuandika, aliandika neno moja pembeni: ubishi.

Neno lile dogo lilitosha na halikutosha. Ardhi yenye ubishi haikuweza kuchimbwa mpaka hakimu aseme, na hakimu hakuweza kusema, kwa sababu amri aliyopaswa kuifuata ilikuwa haijatoka. Kesi iliahirishwa, ikaahirishwa tena. Majirani waliweka vidole, wakaondoka mmoja baada ya mwingine. Stany alihamia Tenke kufungua duka la simu; aliaga kwa kumwachia Mianda panga lake. Uzio ulipojengwa ulifika kwenye kichuguu, ukakunja, ukazunguka shamba la Mianda pande tatu, ukaendelea. Kutoka mbali lilionekana kama kiraka cha kijani katika nguo nyekundu.

Ushindi wa namna hiyo Falonne hakujua auite nini. Vumbi la malori lilikaa juu ya majani ya mihogo, na sombe ililazimika kuoshwa na kuoshwa. Kila asubuhi mlinzi wa kampuni alimuuliza Mama Mianda anaenda wapi, ingawa alimjua vizuri, na kila asubuhi alijibu neno moja: "Kwetu." Mvua za kwanza zilipokuja alipitisha kitunga cha uyoga mbele ya mlinzi huyohuyo, akakipeleka kwa Banza, aliyekuwa sasa chifu wa kijiji kisichokuwa na watu wengi. Banza akakipokea kwa mikono miwili.

Mara ya mwisho Falonne kumwona ilikuwa asubuhi, mvua za mwaka uliofuata zikianza kunukia. Moyo wa Mianda ulikuwa umechoka; miguu ilivimba, na daktari alimkataza kuinama. Falonne alikuwa ametoka Lubumbashi kwenye mkutano wa wanasheria, ambako waliambiwa, kama mwaka uliotangulia, kwamba amri ile inaandikwa. Alimkuta Mianda kwenye jiwe la mlangoni, mpini magotini, akipachika chuma. Shamba lililolala, alisema, limemaliza usingizi wake, leo linaamka.

"Mama, daktari alisema upumzike. Nami nilitaka kukueleza habari za mkutano. Wanasema safari hii ni kweli, amri inakuja. Ukae nyumbani kidogo, tuingojee pamoja."

Mianda aligonga jembe juu ya jiwe, akalijaribu kwa kulitikisa, akasimama kwa kumshika Falonne bega. Alikwenda hatua chache kuelekea barabarani kabla ya kugeuka.

"Ikifika ile sheria yenu," alisema, "muiambie mi niko mu shamba."